Hewa ya Fundi wa Pampu

Niseme mapema ili yaishe: mimi ndiye niliyeitoa hewa. Si paka, wala si joto la moto kama nilivyomwambia mume wangu, Baba Nyaboke, siku ya kwanza. Ni mimi, mama mzima mwenye cheti cha kidato cha nne kilichotiwa fremu na kutundikwa ukutani, niliyekaa jikoni kwangu mchana wa mvua ya mawe, nikafungua kifuniko cha nyuma cha bunduki ya watu na kubonyeza valvu kwa pini ya nywele. Nilikuwa nimekatazwa kugusa kifuniko hicho. Nilikuwa nimepewa na sababu. Kama ningekuwa sijui, leo ningejisamehe.

Mwenye bunduki tulimwita Fundi. Huku Nyamache mafundi ni wengi, wa viatu, wa simu, wa pikipiki, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuelekeza kwake, chini ya barabara, pale palipokuwa na pampu kuukuu zimetundikwa kwenye ua kama nguo zilizoanikwa. Alitengeneza pampu za kupiga dawa, zile za kubeba mgongoni, ambazo kila mwenye ng'ombe anazo kwa ajili ya kupe na kila mwenye nyanya anazo kwa ajili ya ukungu. Watu walizileta kutoka Ogembo na kwingineko, na mara moja alikuja mtu na pampu sita kutoka shamba kubwa la Nyansiongo, akakaa siku nzima akisubiri kwa sababu Fundi hakutaka kuharakishwa.

Nilimjua kwa sababu boma lake na langu yanatenganishwa na mchai wangu, mistari kumi na mmoja, na kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu huenda sokoni kupiga gumzo. Mimi nilikuwa naenda kwa Fundi, hatua chache, nikiwa bado na ndara. Alinipokea kwa neno lile lile miaka yote, akiniita kwa cheti changu. "Fomu Foo amefika. Haya, tufundishe." Alipojua kwamba nilisoma fizikia hadi mwisho, aliniuliza mambo ya hewa na mgandamizo kwa uso wa unyenyekevu kabisa, na nikishamaliza kueleza alisema, "Kumbe." Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba alikuwa ananicheka.

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka wateja wakaiimba kabla yake: toa hewa kwanza, kisha fungua. Pampu iliyojaa, hata ikionekana imekufa, imeshika hewa ndani, na hewa inangoja. Kuna shemasi mmoja aliyebishana naye, akafungua pampu yake pale pale uani bila kuitoa hewa, na dawa ya kupe ikamrukia kifuani kwenye shati jeupe, Ijumaa jioni, shati la kesho yake kanisani. Wengine tulikimbia kuleta maji. Fundi hakuinuka. Alisema tu, "Hewa haijui wewe ni shemasi," akaendelea kukata mpira.

Pampu iliyovuja aliitafutia tundu kwa sikio kabla ya sabuni. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, na sisi sote tukanyamaza, hata kuku ungedhani wamenyamaza. Kisha aliweka kidole mahali, na ukipaka povu hapo, kweli, povu lilichemka. Nilimwuliza anasikia nini. Akasema kila tundu lina namna yake ya kulalamika, na kwamba mengi yanafanana na mtu anayetaka kusema jina lako lakini amesahau linavyoanza. Nilicheka. Nikiwa nyumbani naosha vyombo nikaacha kucheka.

Samaki hakula. Omena, mbuta, ngege, chochote cha majini kikipikwa karibu, alihama na kiti chake. Aliulizwa sana, maana huku samaki ni chakula cha kawaida, na jibu lake lilikuwa moja: "Huwezi kujua amekula nini."

Sasa bunduki. Ilining'inia ndani ya karakana, juu ya mlango, mdomo ukielekea upande jua linakochomoza. Si bunduki ya risasi. Ni ya kupigia samaki chini ya maji. Ni bomba refu jeusi lenye kishikio na kifyatulio. Ndani yake kuna hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya mkono, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma pistoni, na pistoni ndiyo inayourusha mkuki. Mkuki wenyewe hakuwa nao. Alisema ulibaki kule.

Kule ni Pwani. Alifanya kazi huko ujanani, yeye na ndugu yake mdogo, wakitunza vifaa vya wageni wa kuzamia. Mgeni mmoja alipoondoka aliwaachia bunduki ile. Asubuhi moja ndugu yake aliijaza hewa, akiinama juu ya pampu na kuhesabu kwa sauti, kisha akaiegemeza kwenye mwamba na kuingia majini na mkuki mtupu, kuangalia kwanza kama kuna samaki. Hakutoka. Walitafuta siku tisa. Fundi alirudi Nyamache na begi mbili na bunduki iliyojaa hewa ambayo ndugu yake aliisukuma kwa mikono yake.

Mtu wa kwetu huzikwa nyumbani. Afie Nairobi, afie ng'ambo, ataletwa, na kila boma linajua nani atalala wapi. Bila mwili, wazee walishauri uzikwe mgomba mahali pake, watu walie, mambo yafungwe. Fundi alikataa. Alisema hawezi kulilia mgomba na sehemu ya ndugu yake anayo. Mama yao akamwambia, basi kama ni hivyo, ichukue bunduki yako, nenda pale mahali pake, uifungue, arudi. Fundi akasema ataifungua. Akasema kesho, akasema baada ya mavuno, akasema mvua ikipungua, mpaka mama akafa akiwa bado anangoja. Akazikwa. Kando yake kukaachwa pahali patupu pa urefu wa mtu, ambapo hapakupandwa hata kiazi. Majani yalikuwa yanafyekwa hapo kila mwezi, kwa uangalifu, kama unavyomnyoa mtu.

Hapo ndipo mimi na fizikia yangu tulipokuwa tunamsumbua. Mwalimu wa kutoa hewa kwanza, kitu kimoja tu maishani mwake hakukitoa hewa. Nilimwambia hivyo usoni. Nikamwambia pia kwamba oringi, zile pete za mpira zinazoziba hewa, hazikai milele. Zikikauka zitavuja, na ili kuzibadilisha ni lazima hewa itoke. Akaniambia anajua. Alikuwa na pete mpya kwenye kopo la majani ya chai, za kila kipimo, zimepakwa mafuta na kufungwa kwa karatasi. Zilikuwa zimengoja pale miaka mingi kuliko ya ndoa yangu.

"Na kwa nini huzitumii?"

"Nitabaki na nini, Fomu Foo? Bomba?"

Kwa hiyo aliitunza kwa nje. Kila Jumapili asubuhi, baada ya kukamua, alinawa mikono, akaishusha, akaipangusa, akatia tone la mafuta mdomoni, tone jingine kwenye kifyatulio, kisha akailaza kwenye karai la maji ya mvua kuona kama inavuja. Kila alipoipangusa, kitambaa kilitoka na unga mweupe kutoka kwenye mdomo wa bunduki. Nilisema ni chokaa. Akanipa kitambaa nilambe. Ilikuwa chumvi. Miaka thelathini na kitu ya maji ya mvua ya Gusii, na kila Jumapili chumvi mpya.

Ndani ya karai lile ilikaa kimya kwanza. Halafu povu moja, dogo kama punje ya mtama, lilitoka nyuma na kupanda. Fundi akasema taratibu, "Bwakire," salamu yetu ya asubuhi, akaitoa na kuikausha. Povu moja kila Jumapili. Si mawili.

Na Jumamosi, mtu huyo huyo aliketi kanisani kwetu akiongoza darasa la Sabato, akitufundisha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote, hawasemi na mtu, na anayedai kusema nao anadanganywa. Alifundisha vizuri, na mafungu akayataja bila kufungua Biblia. Nilimngojea mlangoni nikamwuliza: na Jumapili? Akarekebisha kofia. "Jumapili naangalia kama inavuja."

Naibu wa chifu aliwahi kufika, maana kuna mtu alipeleka habari kwamba Fundi ana bunduki. Alikuja na askari mmoja na uso wa kazi. Fundi akamshushia, akamweleza. Naibu akaitazama mbele na nyuma, akauliza inapiga nini. Samaki, akajibiwa. "Samaki gani wako Nyamache?" Fundi akasema hapo umeuliza vizuri. Naibu akaomba kuishika, akaishika kidogo, halafu akairudisha haraka na kujifuta mikono kwenye suruali. Alisema ni baridi. Alisema pia, akiwa ameshafika barabarani, kwamba imevuta pumzi. Askari akacheka. Naibu hakucheka, na hakurudi, na pampu yake ya ng'ombe ikawa inaletwa na mkewe.

Fundi mwenyewe sasa amelala upande wa juu wa boma lake, tangu mwisho wa mvua ndefu, na mtu asidhani naandika haya kumpamba. Alikuwa mgumu. Alimnyima mama yake kitu kimoja alichoomba, na alijua hivyo. Alikuwa anaweza kukurudishia pampu bila kuitengeneza kwa sababu tu hukuiosha. Lakini alipougua, kifua kikajaa, wakampeleka hospitali mjini Kisii, mtu aliyemwita kabla ya kupanda gari si mmoja wa ukoo wake. Aliniita mimi.

Bunduki alikuwa ameifunga kwenye blanketi. Alinipa na kopo la pete, na pampu yake, kwa sababu vyote vilikaa pamoja. Akaniambia: Jumapili, tone la mafuta, karai, uangalie, uikaushe. Kifuniko cha nyuma usikiguse. "Nikirudi nitaifungua mwenyewe, pale mahali pake. Nimeamua. Nimemchosha." Alisema kwa shida, pumzi zikikatika. Nikaitikia. Mama Kemunto, jirani yangu wa upande wa pili, mama mtu mzima asiyepitwa na kitu, alikuwa amesimama pale pale na akasikia kila neno. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayebeba mayai kwenye pikipiki.

Jumapili ya kwanza, povu moja. Sikusema salamu, niliona aibu. Jumapili ya pili mapovu saba. Nilisema Bwakire, kwa sauti ndogo, nikamtazama paka kama amesikia. Jumapili ya tatu yalitoka mfululizo, uzi mzima, bila kukoma, na nilipoitoa majini niliisikia kwa sikio langu bila kuinama. Ilikuwa inatoa ile sauti ya mtu aliyesahau jina linavyoanza.

Hapa ndipo nilipofikiri, na kufikiri kwangu siku zote kumekuwa na gharama. Niliona kwamba Fundi atarudi akute bomba tupu na kusema Fomu Foo ameiua. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, Mzungu mmoja akifungua bunduki kama ile juu ya taulo, polepole, kila kitu kikionekana. Pete ninazo. Pampu ninayo. Nikajiambia nitatoa hewa kidogo iliyobaki, nitabadilisha pete, nitaijaza upya, na mgonjwa wa watu hatajua. Hewa ni hewa. Nilisema hivyo kwa sauti jikoni, nakumbuka, kama mwalimu.

Mawe yalikuwa yanapiga mabati na nilikuwa nimefunga dirisha na mlango. Nikafungua kifuniko. Nikabonyeza kwa pini.

Nilitarajia fyuu, basi. Ilitoka ndefu. Ilitoka ikanimwagia ukungu wa mafuta kwenye kifundo cha mkono, baridi, na haikuisha. Bomba lile linashika hewa ya kujaza kipira cha watoto, na tena lilikuwa limevuja wiki tatu. Nilihesabu ili nisiogope. Mvua ya mawe iliisha na bado ilikuwa inatoka. Moshi wa jiko, ambao huenda juu siku zote, ulilala ukaelekea kwenye kona ya mtungi wa maji na kukaa hapo. Na kulikuwa na harufu. Mimi safari yangu ya mbali kabisa ni harusi Nyansiongo. Bahari sijaiona hata kwa basi. Siwezi kusema ilikuwa harufu ya bahari. Naweza kusema haikuwa ya huku.

Kisha ikanyamaza. Nikafanya kazi, na niseme bila aibu, nilifanya vizuri. Pete za zamani zilivunjika mkononi kama biskuti. Nilisafisha, nikapaka mafuta, nikaweka mpya, nikafunga, nikasukuma hewa mara mia mbili mpaka mabega yakafa. Karaini haikutoa hata povu moja. Nilifurahi kwa muda wa kama kunywa chai.

Jioni Baba Nyaboke alimega ugali, akatafuna, akasimama. "Umeweka chumvi kwa ugali?" Hakuna mtu anayeweka chumvi kwenye ugali. Nilionja, ni kweli. Kesho yake chumvi kwenye kopo ilikuwa jiwe. Sakafu ya kona ile ya mtungi ilikuwa na maji, na mtungi hauvuji, niliuangalia kwa sikio na kwa sabuni. Paka alihamia kwenye chumba cha kulala.

Fundi aliletwa Alhamisi asubuhi. Hakwenda kwake kwanza. Alishuka kwangu, amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine, akakaa uani na kuomba karai. Mama Kemunto alikuwa amekuja kuchukua ungo wake, na alipomwona akasahau ungo. Nilimletea yote. Fundi akanawa mikono, akaikunjua blanketi, na alipoiinua tu nikaona mikono yake imejua. Lakini aliilaza majini. Tulingoja. Maji yakatulia mpaka ukaona mawingu ndani yake.

"Haivuji," akasema.

"Haivuji, Fundi."

"Ulibadilisha pete."

"Nilibadilisha."

Akanitazama kwa muda, bila ukali, ingekuwa afadhali ukali. "Ulitoa hewa kwanza?"

Sikuwa na mahali pa kwenda. Nikajibu kama wateja wake wote. "Nilitoa hewa kwanza, kisha nikafungua."

"Ndivyo nilivyokufundisha," akasema, na akapangusa mdomo wa bunduki kwa kitambaa. Kitambaa kilitoka safi. Alikigeuza upande wa pili, kikawa safi pia. Akauliza niliitolea wapi. Nikasema jikoni. Dirisha? Limefungwa, kulikuwa na mawe. Mlango? Nao.

Akainuka, akavua kofia, akaingia. Nilimfuata hadi kizingitini. Hakuuliza kona. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akavuta kigoda, akakaa akielekea ukutani, na akasema "Bwakire," kama Jumapili zote. Kisha akazungumza kwa Ekegusii cha chini chini, cha watoto wawili wanaoshiriki kitanda, na sikutega sikio, ila neno moja nililisikia kwa sababu alilirudia: mama. Mara mbili alinyamaza urefu wa jibu. Mara ya pili alitikisa kichwa akasema haya, basi.

Alipotoka nilimwambia samahani. Nikamwambia afungue mlango, amwite ndugu yake, tumsindikize mpaka pale mahali pake, si mbali, mistari kumi na mmoja ya chai tu. Akasema amekwisha kumwambia. "Hataki. Anasema kule kwangu nilimfungia miaka yote, na hapa kuna moto." Akaivaa kofia. Bunduki aliichukua kwa mkono mmoja, akaipima, akasema imekuwa nyepesi. Nikasema ina hewa ya kutosha, niliijaza mwenyewe. Akasema anajua, ndiyo maana.

Akageuka mlangoni pa jikoni, kulikokuwa hakuna mtu ndani, akasema, "Kwaherini," kwa wingi. Akashuka polepole kupita katikati ya mchai.

Nilibaki nimesimama na karai. Mama Kemunto aliokota ungo wake, akachungulia jikoni kwangu, akaangalia maji ya kwenye kona, akaniangalia na mimi kutoka ndara hadi kilemba.

"Umetoa mtoto wa watu kwa nyumba yake ukamwachilia jikoni kwako," akasema. "Sasa mpikie."